Maradhi Yasiyo na Tarehe ya Kupona

Kanuni za masomo za vyuo vikuu vingi vya Kenya zinafanana katika jambo moja. Mwanafunzi anatakiwa ahudhurie angalau theluthi mbili ya mihadhara ya kila somo, na katika vyuo vingine asilimia 75, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Akiugua, anapeleka barua ya daktari kwa mkuu wa idara. Akikosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa, anaomba mtihani maalumu. Ugonjwa ukimzidi, anaahirisha muhula au mwaka mzima na kurudi akishapona. Utaratibu huu una maana yake. Unamlinda aliyelazwa kwa malaria au aliyevunjika mguu, na unawazuia watoro wasijifiche nyuma ya homa za kubuni.

Hata hivyo, utaratibu huo umejengwa juu ya dhana ambayo haikuandikwa popote: kwamba ugonjwa huanza siku fulani na kwisha siku fulani. Karatasi ya mapumziko huuliza mgonjwa apumzike kuanzia lini hadi lini. Kwa mwenye kisukari, kifafa, pumu kali au moyo ulioharibiwa na baridi yabisi, swali la "hadi lini" halina jibu la kweli. Daktari anaandika siku tatu kwa sababu karatasi inataka tarehe. Siku ya nne mwanafunzi anahesabiwa mzima. Wiki ya tano analeta barua nyingine, muhula unaofuata mbili zaidi, na ofisini wanaanza kumtazama kama mtu mwenye visingizio.

Dhana hiyo huwagharimu wagonjwa wote, ila mzigo haulingani kila mahali. Merti ni mji mdogo wa wafugaji karibu na mto Ewaso Nyiro. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,206 katika kaunti ndogo ya Merti, kati ya 268,002 wa kaunti nzima ya Isiolo. Kutoka hapo hadi mji wa Isiolo, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, ni takriban kilomita 200, na sehemu kubwa ya njia haina lami. Kiangazi ni vumbi na mawe. Masika, laga, yaani mito ya msimu, zinapojaa, magari hulala njiani yakisubiri maji yapungue, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilikata barabara nyingi za kaskazini mwa nchi kwa siku nyingi. Kijana wa Merti aliyepangiwa chuo Meru, Chuka au Nairobi akiambiwa alete barua kutoka kwa daktari anayemtibu, anaagizwa safari ambayo mwenzake wa Nairobi angeimaliza kwa matatu moja na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Kisukari cha aina ya kwanza ndicho kinachoonyesha tatizo hili waziwazi. Katika ugonjwa huu kongosho halitengenezi tena insulini, yaani homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye chembe za mwili. Bila insulini ya sindano mgonjwa hufa, wala hakuna mbadala wa vidonge. Binadamu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hii alikuwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Januari 1922. Mwaka huohuo Makerere ilifunguliwa kama shule ya ufundi. Elimu ya juu ya Afrika Mashariki na insulini ni marika, na kabla ya rika hilo mwanafunzi wa chuo mwenye kisukari cha aina ya kwanza asingeweza kuwapo. Dawa imemletea chuo mwanafunzi wa aina mpya. Kanuni zimebaki za yule wa zamani, anayeugua kisha anapona.

Matibabu yenyewe ni kazi ya kutwa. Katika hospitali nyingi za umma dawa inayopatikana kwa urahisi ni insulini iliyochanganywa tayari, ya haraka na ya taratibu katika chupa moja, inayodungwa asubuhi na jioni. Ni nafuu na haina hesabu nyingi, lakini ina sharti gumu: ukishaidunga, chakula lazima kifuate kwa saa inayojulikana, kwa sababu dawa itafanya kazi uwe umekula au hujala. Sasa chukua ratiba ya chuo. Mhadhara wa saa tano unahamishiwa saa saba kwa sababu ukumbi umechukuliwa. Foleni ya chakula ni ndefu. Kutoka hosteli hadi maabara ni mwendo wa kupanda mlima, na misuli inayofanya kazi hutumia sukari zaidi. Kufikia saa nane mwanafunzi anatetemeka, anatoka jasho, maneno ya ubaoni hayashikiki akilini. Sukari imeshuka. Tiba yake ni sukari ya kawaida, vijiko vitatu hivi vya chai, halafu kusubiri robo saa na kupima tena. Asipoipata, anaweza kuzimia.

Iwapo hali hiyo itatokea katikati ya mtihani, kila kinachohitajika kwa kawaida kimepigwa marufuku. Mikoba imeachwa mlangoni. Kula hairuhusiwi. Kifaa chenye kioo kinachowaka, kama kipima sukari, kinamtia msimamizi wasiwasi, na robo saa ya kusubiri haifidiwi. Hakuna mwenye nia mbaya katika chumba hicho. Msimamizi anafuata maagizo, na maagizo hayana sentensi hata moja kuhusu mtu ambaye dawa yake ni pakiti ya sukari mfukoni.

Likizo ina mtihani wake. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Iliyofunguliwa hukaa nje takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina. Meru na Chuka zina ubaridi wa nyanda za juu, na chupa inayotumika ikiwekwa kabatini haina shida. Merti ni nyanda kame za chini, na jua la mchana hupandisha joto juu ya nyuzi 30 kwa miezi mingi. Tena ngozi yenye joto huipokea dawa haraka zaidi. Hivyo dozi iliyomfaa kijana akiwa Chuka inaweza kumshusha sukari kupita kiasi akiwa nyumbani, hata kama hakubadilisha chochote.

Familia nyingi zisizo na friji hutumia mtungi. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, nafasi iliyo kati yake hujazwa mchanga, na mchanga humwagiwa maji asubuhi na jioni. Maji yanapopenya kwenye udongo na kuwa mvuke huondoka na joto, na kilicho ndani hubaki na ubaridi kuliko hewa ya chumba. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi pale hewa inapokuwa kavu, kwa hiyo ukame wa Merti unakuwa msaada. Friji nayo si salama kwa kila hali. Chupa ikiegemea sehemu ya barafu ikaganda, imeharibika kabisa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama mwanzo.

Ushahidi wa kisayansi juu ya jambo hili umetoka jirani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto ndani ya nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, likaona linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva waliiga mpando na mshuko huo katika maabara na kuziweka humo insulini za aina mbalimbali kwa wiki nne. Matokeo, yaliyochapishwa Februari 2021, yalionyesha kwamba nguvu ya dawa haikupungua kwa zaidi ya asilimia 1, sawa na iliyokaa kwenye baridi. Dadaab hunywa maji ya hifadhi ya chini ya ardhi inayoitwa kwa jina la Merti, na hali ya hewa ya sehemu hizo mbili haiachani sana. Maana ya utafiti huo kwa mwanafunzi ni kubwa. Anaweza kubeba dawa ya mwezi mmoja nyumbani bila kuogopa kwamba itakufa njiani, mradi isipigwe na jua moja kwa moja wala kuachwa ndani ya gari lililofungwa. Daktari akilijua hilo, hana sababu ya kumpa chupa moja moja na kumlazimisha kurudi kila baada ya siku chache.

Maradhi mengine yana sura tofauti na shida ileile. Mwenye kifafa aliyetulia kwa dawa anaweza kuanguka akikosa usingizi usiku kadhaa mfululizo, na majuma ya mitihani ni majuma ya kukesha. Mwenye moyo ulioathiriwa na baridi yabisi, tatizo linaloanzia kwenye mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Kila sindano ni asubuhi nzima ya foleni, na asubuhi hiyo huandikwa utoro.

Chuo kingeweza kujifunza kutoka mahali ambapo wengi wasingedhania. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa Merti kama inavyofuatwa Lamu na Zanzibar, mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, na wanazuoni hawakuishia hapo. Walitenga wagonjwa wawili. Yule anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hadaiwi kulipa, kwa sababu siku ya kulipa haitafika. Yeye hutoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Wajibu haukufutwa. Umepewa umbo linalotekelezeka na mtu wa hali ile. Kanuni za vyuo zinamjua mgonjwa wa kwanza peke yake, yule wa kulipa baadaye. Mtihani maalumu na kuahirisha masomo vyote ni kulipa baadaye. Aliye na kisukari akiahirisha mwaka hadi apone, atakuwa ameahirisha maisha.

Ramadhani yenyewe ni jambo la kuzungumzwa mapema na daktari na shehe. Wanafunzi wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza hufunga kimya kimya ili wasionekane tofauti na wenzao wa chumba, na kufunga huku unadunga insulini bila kubadilishiwa dozi ni kujitia hatarini. Ruhusa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kijana wa miaka 19, mbele ya wenzake, kwamba kuitumia ruhusa hiyo hakumpunguzii kitu.

Upande wa sheria hoja ni nzito kuliko wasimamizi wengi wa vyuo wanavyofahamu. Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, inapofafanua ulemavu katika kifungu cha 260 haiishii kwenye viungo, macho na masikio. Inataja pia hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye kisukari au kifafa anayeomba kuingia na pakiti ya sukari kwenye mtihani, au kuruhusiwa siku ya kliniki bila kuhesabiwa mtoro, haombi hisani. Anaomba kile ambacho chuo kinampa bila ubishi mwanafunzi asiyeona anapoomba karatasi ya nukta nundu.

Tofauti ni kwamba asiyeona haulizwi kila muhula kama bado haoni.

Wapo watakaosema mlango ukifunguliwa wataingia na waongo. Hofu hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Homa ya siku mbili ndiyo rahisi kughushi, kwa kuwa ikiisha haiachi alama. Maradhi sugu yana daftari la kliniki la miaka, dawa zilizoandikwa mwezi baada ya mwezi, na vipimo visivyobembelezeka. Kipimo kimoja cha damu huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Katika wanafunzi wote wanaopeleka barua za daktari, huyu ndiye aliye rahisi kuthibitishwa, na ndiye anayethibitishwa mara nyingi kuliko wote.

Wengine watauliza juu ya kozi ambazo mahudhurio ndiyo elimu yenyewe. Muuguzi hawezi kufuzu bila saa za wodini, na mhandisi hawezi bila maabara. Hilo ni kweli, na hakuna mgonjwa mwenye akili anayetaka kupewa cheti cha kazi asiyoijua. Saa zibaki zilezile. Kinachoweza kusogezwa ni lini zitimizwe: zamu ya wodi ihamishwe isigongane na siku ya sindano, na maabara iliyokosekana irudiwe na kundi jingine wiki ileile badala ya kungoja mwaka.

Fedha nazo zina pengo lake. Kuanzia 2018 wanafunzi wa sekondari za umma walikuwa na bima ya EduAfya iliyosimamiwa na mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, hadi ilipokoma mwishoni mwa 2023. Oktoba 2024 NHIF yenyewe ikarithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Familia isiyo na mshahara hukadiriwa mchango wa angalau shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mfugaji ambaye fedha humjia anapouza mbuzi, na ambaye kati ya 2020 na 2023 alipitia misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, wakati wa kulipa bima na wakati wa kulipa karo hukutana siku moja, na karo ndiyo hushinda. Mtoto huenda chuo akiwa na sindano za mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili anaanza kupunguza dozi ili chupa ifike mbali. Wahadhiri humwona anasinzia darasani. Sukari imepanda, na hakuna aliyeuliza.

Kenya inajua jinsi ya kuwahudumia wagonjwa wa muda mrefu wanaohamahama, kwa sababu imekwisha kufanya hivyo. Miongozo ya 2016 ya matibabu ya VVU iliacha kumtaka kila mgonjwa aje kliniki kila mwezi. Aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, na akihama huhamishwa na maelezo yake hadi kliniki iliyo karibu naye. Kilichobadilika hapo hakikuwa dawa, kilikuwa mpangilio: mfumo ulikubali kwamba ugonjwa utakuwepo kesho, ukaacha kumwita mgonjwa kuja kuuthibitisha.

Chuo kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa barua moja. Mwanafunzi anapojiandikisha mwaka wa kwanza, alete taarifa ya daktari wake inayoeleza hali yake, dalili za hatari na anachohitaji. Idumu kwa muda wote wa masomo. Kama lazima ihuishwe kila mwaka, ihuishwe na zahanati ya chuo, palepale alipo, na isiwe sababu ya kumrudisha Isiolo. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi iitunze siri, na wahadhiri wapewe kile wanachohitaji kujua tu: huyu anaruhusiwa kula darasani, huyu ana kliniki kila Alhamisi ya nne, huyu akikatiza mtihani kwa robo saa arudishiwe robo saa yake. Jina la ugonjwa si lazima lifike kwa kila mhadhiri. Hili ni la muhimu hasa kwa wasichana wenye kifafa, ambao wengi hukaa kimya chuoni wakihofia kwamba habari itafika nyumbani ikiwa imegeuzwa na kuharibu posa.

Mzazi wa Merti anayemfungia mtoto sanduku la chuo asingojee mabadiliko hayo. Kabla ya safari, aombe kliniki taarifa iliyoandikwa na kupigwa muhuri, na nakala zake tatu. Aulize ni kituo gani cha afya karibu na chuo kinachotoa dawa ileile, kwa jina na kwa aina ya chupa. Mwanafunzi naye amteue mwenzake mmoja wa chumba amwonyeshe sukari inakaa wapi na afanye nini akimkuta hazungumzi sawasawa. Ajiandikishe kwa mlezi wa wanafunzi wiki ya kwanza, akiwa mzima, kwa sababu maombi yanayopelekwa siku ya kuugua husomwa kama udhuru.

Lakini mzigo wa kurekebisha kanuni ni wa vyuo. Kanuni za mitihani hupitishwa na seneti ya chuo husika. Hazihitaji mswada, bajeti mpya wala kibali cha Bunge. Seneti yoyote inaweza kuongeza kifungu kimoja kuhusu maradhi ya muda mrefu katika kikao chake kijacho, na kikatumika kwa wanafunzi watakaoripoti Septemba.